Koti la Mpiga Picha

Mpiga picha wa harusi hapa Yakutsk, mji wa baridi kali huko Siberia, huifukia kamera ndani ya koti lake la manyoya kama kichanga, na betri huzificha kwapani zisife kwa baridi. Akilenga hubana pumzi, maana pumzi huganda kwenye lenzi. Kunnei, bibi harusi, aliyaona hayo yote huku meno yakimgongana kando ya mto ulioganda.

"Vua koti, mwanangu," mpiga picha akamwamuru. Kunnei akabaki mabega wazi, tusi likiwa ulimini. Hapo akamwona yule mama mpiga picha naye analivua lake, analitupa thelujini.

"We mama, una wazimu?" mama mkwe wa Kunnei akafoka kutoka kando.

"Nikiota joto mimi, nitasahau kuwa huyu anaganda," mpiga picha akajibu. "Haya, kidevu juu!"

Kunnei akalimeza tusi, akainua kidevu.