Shule Iliyonifunza Wimbo wa Kaka Yangu

Nakumbuka kwa shingo, mwanangu Akai, si kwa kichwa. Siku hiyo nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia la ukumbi wa shule moja ya kimataifa kule Nairobi, msichana wa miaka kumi na mitano, na mwalimu wangu wa muziki alikuwa akinivisha shingoni pete ya chuma, ile nene inayong'aa uliyoiona kwa bibi zako. Kwetu Turkana pete ile ni ya mke wa mtu. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi sijaolewa." Akanijibu nisijali, wageni hawatajua. Na kweli hawakujua. Walipiga makofi mpaka nikadhani hawatanyamaza.

Nimeanzia hapo makusudi, kwa sababu juzi ulinipigia simu kutoka Kakuma na sauti yako ilikuwa inarukaruka. "Aunty, hiyo shule ni moto! Wako na studio, wako na stage, wako na piano tatu. Na wamenichukua!" Ukanitumia na picha za kijitabu chao. Nikazitazama, nikavaa miwani, nikazitazama tena. Ni nzuri. Lakini wahenga walikwisha kusema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Baba yako naye akanipigia, akasema, "Dada, mwambie wewe. Mimi nikisema atafikiri namkataza." Basi nakuambia. Nimevuka hamsini, na jua la Lodwar lina namna yake ya kumwongezea mtu miaka, kwa hiyo nina haki ya kuitwa mzee. Ukiniona mkali, nivumilie. Nina hasira ya zamani ambayo sikuwahi kupata wa kumpa.

Kabla ya Nairobi nilikuwa nasoma shule ya msingi hapa Lodwar, nakaa na bibi yetu ng'ambo ya mto. Baba yako alikuwa kijana wa kuchunga upande wa Lorugum. Hakuna aliyemwita Ekiru siku zile. Aliitwa Apalomeri, yaani baba wa Lomeri, na Lomeri alikuwa maksai wake, mwenye madoadoa, pembe moja baba yako ameikunja kwa mkono wake tangu Lomeri akiwa ndama. Wewe umezaliwa mjini, kwa hiyo nitakueleza. Maksai wa namna hiyo si mali tu. Mwanamume huchukua jina kwake, humtungia wimbo, na wimbo huo mtu mwingine hauanzishi. Sisi wengine tunaitikia. Mwenyewe anaimba mstari, ananyamaza, watu wanamjibu, ndipo anaendelea. Hata akiwa peke yake malishoni, atanyamaza vilevile baada ya kila mstari, kama anayengoja wenzake walio mbali.

Baba yako hujawahi kumsikia akiimba. Nakuja huko.

Wageni wa shule ile ya Nairobi walikuja Lodwar kutafuta watoto wenye vipaji. Tukapangwa uwanjani, kila mtoto akaambiwa aonyeshe kitu cha kwao. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa kwa kaka yangu niuanzishe wimbo wake, jambo ambalo msichana haliombi, na yeye alicheka tu. "Anza wewe," akasema. "Mimi niko nyuma yako." Akatembea kutoka Lorugum, akasimama nyuma ya umati na vijana wenzake. Nikaanza. Nikanyamaza. Wakaitikia, na wale wageni wakageuka wote kwa mshtuko, hawakujua sauti zinatoka wapi. Mama mmoja miongoni mwao alilia. Bibi alishangaa sana, maana wimbo wenyewe unasema tu kwamba Lomeri hunywa maji bila kuwasukuma wenzake.

Nikachaguliwa. Mwalimu mkuu akatangaza mbele ya shule nzima, "Chanda chema huvikwa pete." Hakuniambia kwamba pete yenyewe itakuwa ya shingo.

Kulikuwa na shule ya wasichana papa hapa Lodwar iliyokuwa tayari kunipokea. Ilikuwa na sista mmoja mkali kama pilipili, aliyefundisha kinanda kwa yeyote aliyenawa mikono. Nikaikataa. Nani anataka kinanda cha sista, chenye vitufe vinavyokwama kwa vumbi, wakati Nairobi kuna piano? Nilitaka piano, Akai. Nilikuwa nimeiona mara moja katika picha, na tangu siku hiyo vidole vyangu havikutulia.

Wiki ya kwanza kule Nairobi nilimwendea mwalimu wa muziki nikamwomba anifundishe piano. Alikuwa mtu mpole, sitamtukana. Akanishika bega akasema, "Wasichana wa kupiga piano ninao wengi. Mturkana ninaye mmoja." Nilidhani ni sifa. Nilikwenda bwenini nikicheka, nikamsimulia kila aliyetaka kusikia.

Basi kazi yangu ikawa Lomeri. Wageni wakija, Lomeri. Siku ya wazazi, Lomeri. Wafadhili wakipita kunywa chai, naitwa darasani nikawaimbie Lomeri. Wenzangu kila muhula walipata kitu kipya. Yule anachonga, yule anaigiza, na mmoja aliyekuja hajui kushika brashi alikuwa sasa anachora uso wa mtu ukamtambua. Mimi walinihesabu kwamba nimekuja nimeiva, na chakula kilichoiva hakuna anayekirudisha jikoni. Walisema shule yao inakuza vipaji. Changu walikiweka mezani.

Kisha wakautengeneza wimbo. Mwalimu alisema kule kunyamaza kunyamaza kunaufanya uonekane umekatika, watu watafikiri nimesahau maneno. Akaziba kila nafasi kwa ngoma. Ngoma! Sisi hatuna ngoma. Sisi tunaruka, na ardhi ndiyo inayolia. Nikazoezwa kuimba mfululizo, pumzi fupi, mstari juu ya mstari, bila kumngoja mtu. Ndivyo nilivyoimba siku ya ile pete ya shingo, na ndiyo siku niliyosifiwa kuliko zote.

Desemba nikarudi nyumbani. Bibi alinipa maziwa, akaniacha ninywe mpaka nimalize, kisha akaniuliza nimekwenda kusoma nini. Nikamwambia sanaa.

"Haya, niimbie walichokufunza."

Nikafikiri kidogo, nikaanza wimbo wa kaka yangu.

"Huo naujua," akasema. "Nimekuuliza walichokufunza wao."

Nikatafuta, mwanangu. Nilitafuta kichwani kote, na hapakuwa na kitu. Bibi hakuwa mtu wa haraka. Aliponiona nimekwama akasema, nami nayatafsiri maneno yake kadiri niwezavyo: "Kwa hiyo ulialikwa karamu, ukaenda na chakula chako, wenyeji wakakila, na wewe umerudi na njaa. Na bado unawaita wakarimu."

Lingekuwa hilo moja tu, ningelimeza. Lakini baba yako alikuja jioni ileile. Alikuwa amewatambia vijana wote wa Lorugum kwamba Nairobi nzima inamjua Lomeri, akaja nao wausikie wimbo ulivyokua. Wakasimama nusu duara, tayari kuitikia. Nikaimba. Nilikuwa nimezoezwa vizuri mno. Baada ya mstari wa kwanza baba yako alifungua mdomo, akakuta nimeshapita. Akafungua tena, nimeshapita. Mara ya tatu hakufungua. Mimi nikaendelea mpaka mwisho, kwa sababu sikujua tena pa kusimama.

Vijana wakawa wanatazama chini. Baba yako hakunigombeza. Angenigombeza ningepona. Alisema kwa upole, "Humo hamna mahali pangu tena. Umekuwa wimbo wao. Waachie."

Mwaka uliofuata alimpeleka Lomeri sokoni Kakuma, akachinjwa kama ng'ombe yeyote. Watu husema ni ukame. Ukame ulikuwepo, sikatai. Lakini ng'ombe wengine aliwabakiza. Akakaa hukohuko Kakuma, akaacha kuimba, akaanza biashara ya makaa, na kwa kuwa mtu haitwi kwa maksai asiyekuwepo, watu wakarudi kumwita Ekiru. Miaka mingi baadaye ukazaliwa wewe, mtoto wa Ekiru wa makaa. Ukimwuliza atakwambia alichoka kuchunga. Ni mwongo mwenye heshima.

Mimi nilirudi Nairobi. Nilimwambia mwalimu kwamba wimbo ule siuimbi tena, anifunze mwingine, wowote ule, hata wa watoto wa chekechea. Alisikitika kwa dhati. Akasema basi hajui aniweke wapi. Muhula uliofuata nikahamishiwa darasa la kupiga chapa. Vidole vilivyotaka piano vikapewa taipureta. Shule iliyosifika nchi nzima kwa sanaa, nami nikatoka humo karani. Miaka yote hii nimekuwa nikichapa barua za wakubwa hapa Lodwar, na watu husema nachapa haraka sana.

Sasa wewe. Mwaka jana nilipokuja Kakuma ulinitembeza katika kambi ya wakimbizi kunionyesha kazi zako kwenye kuta za vinyozi, vile vichwa ulivyochora, vya kila mtindo wa nywele, vingine vikubwa kuliko mlango. Kinyozi mmoja Mkongo alinifuata mpaka barabarani. "Mama, uyu mutoto iko na mukono," akaniambia. "Batu banaingia kwangu juu ya ile kichwa alichora." Ni kweli, mkono unao. Lakini shangazi yako ana macho, hata kama hana sanaa. Niliona pia kwamba masikio yanakushinda. Kila kichwa umekitia kivuli pale pa sikio, au umelishushia nywele. Nilifurahi kuliona hilo. Nikasema moyoni, huyu ana la kwenda kujifunza.

Ndiyo maana kwenye simu nilikuuliza hao watu wa shule walikutaka uchore nini. Ukacheka. "Ngamia, aunty. Na jua likizama." Nikakuuliza, umewahi kuchora ngamia? "Zii, sijawahi. Lakini niliwapea." Nawe ulikuwa na furaha, sikutaka kukukatisha. Nikasema ejok, vizuri, nikakata simu, nikakaa.

Hawakutaka kuziona zile kuta? Walipita mbele yake, Akai. Hakuna njia ya kufika kwenu bila kuzipita.

Sikukatazi kwenda. Nisikie vizuri, usije ukasema shangazi ana kijicho. Lodwar hakuna wa kukufundisha sikio, na Kakuma pia hakuna, na mkono usiofundishwa hurudia kosa lake mpaka uzee. Shule unaihitaji, tena nzuri. Baba yako anataka uende, na kati yetu sote yeye ndiye mwenye haki ya kukataa. Ninachokuomba ni kuchagua kwa macho yako, si kwa yale ya kijitabu. Umechaguliwa, ndiyo. Na wewe chagua.

Kwa hiyo kabla hujasema ndiyo, omba kwenda kuiona. Usiulize wana piano ngapi, wala jukwaa lao lina taa gani. Waulize nani atakaa na wewe akuambie hapa umekosea, rudia. Waombe wakuonyeshe kazi mbaya ya mwanafunzi alipoingia, na kazi ya mwanafunzi huyohuyo anapomaliza. Wakiwa na nzuri tupu za kukuonyesha, ujue hao wanakusanya watoto, hawafundishi. Halafu beba mchoro wako mmoja wa kinyozi, ule unaouonea aibu, uuweke mezani. Mwalimu atakayekuuliza masikio yako wapi, mfuate huyo, hata kama shule yake ina mabati yaliyotoboka. Atakayekuuliza kama huna ngamia mwingine, mshukuru, mpe mkono, urudi nyumbani. Na wakitaka kukuvisha kitu, uliza kwanza ni cha nani. Ukiwa mtoto utaambiwa una kiburi. Kubali kuambiwa. Mimi nilikuwa mtiifu sana.

Mengine utayajua mwenyewe, mkono ni wako. Akuj, Mungu wa babu zetu na wa kanisa letu, akutangulie njiani akupatie maji kila utakapolala. Akupe mwalimu mwenye jicho kali na moyo laini. Akunyime makofi mwaka wa kwanza, na wa pili pia kama itabidi, lakini asikunyime karatasi. Ukirudi likizo usiniletee Turkana katika fremu, mwanangu. Turkana naiona kila nikifungua mlango. Nichoree sikio.