Jiwe la Nyuma ya Jiko

Juzi mafundi walikuwa wanachimba shimo la choo hapa kwangu Katoro, jembe likagonga jiwe. Kwaa! Niliacha mboga motoni nikatoka mbio kwenda kuchungulia. Fundi akacheka: "Mama, umedhani dhahabu?" Angejua mlio ule ulinirudisha wapi, asingecheka.

Nilikulia kijijini, upande wa Ushirombo. Baba yangu alikuwa mchimbaji, mtu wa kwenda machimboni na kurudi amekonda, ana hasira na kila mtu. Kisha mwaka mmoja akarudi akasema basi, haendi tena. Akashika jembe, akalima viazi na mpunga. Na akawa na furaha. Hapo ndipo matatizo yalipoanza.

Maana jamani, furaha gani ile? Tunakula michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa, na chai ya rangi, shati lake kiraka juu ya kiraka, lakini baba anapiga mluzi tangu asubuhi. Jioni akishaoga, anakwenda kukaa juu ya jiwe moja nyuma ya jiko, peke yake, anatabasamu. Ukimuuliza anafanya nini, anakujibu, "Napumzika tu, mayu." Ndivyo alivyoniita mimi Kabula, mayu, yaani mama.

Kwetu mtu aliyetoka machimboni haaminiki hivi hivi. Jirani yetu Mama Limi alikuja kuomba udongo wa uani, eti wa kukandika nyumba. Kumbe alikwenda kuuosha kwenye karai, anatafuta vumbi la dhahabu! Hakupata kitu, lakini hakutulia. Akamnong'oneza mama: "Mwanamume arudi mikono mitupu halafu acheke? Fumbua macho, mwenzangu. Yule anakalia mali. Siku moja atahama nayo kwa mwanamke mwingine."

Maneno yale yalimwingia mama. Nilimsikia akimwambia baba, "Baba Kabula, nionyeshe ulichoficha. La sivyo narudi kwetu Kahama, na watoto naondoka nao." Baba akacheka, mama akazidi kuamini. Na mimi niliamini. Nililitazama lile jiwe kwa jicho baya, nikamwona baba yangu mwenyewe kama mwizi.

Siku ya gulio, baba alipokwenda kuuza viazi, mama alinipa jembe. Tukalisukuma jiwe, tukachimba. Kwaa! Moyo ukanilipuka. Lilikuwa jiwe jingine. Tukaendelea, mama ameingia shimoni hadi kiunoni, jasho linamchuruzika, na tulipoinua macho baba alikuwa amesimama palepale.

Nilijua tunapigwa. Lakini uso wake ulikuwa umepauka. "Toka humo, Mama Kabula. Toka, nakuomba." Alimvuta kwa mikono miwili. Kisha akakaa kwenye udongo, akatuambia alichokuwa ameficha. Duara, lile shimo la machimbo, lilimfukia. Alilala gizani, hasikii sauti ya mtu, udongo tu ukidondoka, hadi wenzake walipomfukua.

"Nikasema, nikitoka humu, sitaki kitu. Nataka kuwasikia tu." Akalionyesha jiwe. "Pale nawasikia wote. Wewe na sufuria zako, watoto wakigombana, hata mbuzi."

Mama alianza kulifukia shimo kwa mikono, huku analia. Kahama hakwenda. Mama Limi alipokuja kesho yake kuomba udongo tena, mama alimwambia, "Chukua, mwenzangu. Chukua na karai langu kabisa."

Mimi bado sikuridhika. Nilidhani baba ametutungia hadithi ya kutupoza, na kwa muda mrefu niliendelea kumvizia. Mtu afurahie kelele za watoto? Haiwezekani.

Baba ametutoka sasa. Mwezi uliopita niliwapeleka wanangu kijijini, nikamkuta mama amekaa juu ya lile jiwe. Jikoni wajukuu wake walikuwa wanagombania michembe, vurugu tupu. Nikafungua mdomo niwakaripie.

Mama akanishika mkono. "Waache," akasema, akanisogezea nafasi. "Kaa hapa."