Shikamoo Katikati ya Mechi

Jumamosi uwanjani Arlington, binti wa jirani yangu alikuwa na mpira mguuni alipomwona bibi yake, aliyefika juzi kutoka Moshi, akija pembeni. Akauacha mpira, akakimbia, akapiga goti.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu!"

Huku nyuma tukafungwa.

Wakati wa mapumziko kocha, Mjerumani aliyecheza kiungo miaka mingi kwao, akaja mikono kiunoni. Nikasema leo tumekwisha. Mama mtu akamweleza mila zetu, jasho likimtoka.

Kocha akacheka. "Kiungo mzuri huinua kichwa. Huyu amemwona bibi kabla yetu sote."

Kisha akabeba kiti chake mwenyewe, akakiweka nyuma ya goli la wapinzani. "Kipindi cha pili, bibi akae hapa."

Miaka yote nimeitetea adabu yetu hapa Texas. Mjerumani ndiye wa kwanza kuipa namba kikosini.