Kapsuli za Rangi Mbili

"Nani amempa huyu mama dawa?" Sista aliuliza, kapsuli mbili nyeusi na nyekundu zikiwa kiganjani. Alizipata chini ya mto wa shangazi yangu, aliyelazwa hospitalini Kitui kwa mguu uliovunjika na ambaye sasa alikuwa anaharisha kwa siku ya tatu.

Sista akaeleza polepole: "Tumboni kuna vijidudu vizuri vinavyokula mabaki ya chakula chetu. Dawa hii imeviua. Sasa kile kijidudu kibaya cha hapa wodini kimekuta chakula tele na wenyeji hawapo. Kinakula, kinazaana, kinatoa sumu inayochubua utumbo."

"Nilipewa na mgonjwa mwenye alienda nyumbani jana," shangazi akasema, bila kunitazama.

Ni mimi niliyezinunua dukani, pale soko la Kwa Vonza, nikidhani zitauponya mguu haraka, nikaziingiza wodini ndani ya Biblia. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimeandika hapa gazetini kwamba wauguzi hawajali wagonjwa.

Sista akanigeukia. "Si wewe ndiye wa gazeti? Waandikie watu waache kuleta dawa za duka."

"Nitaandika," nikasema.

Imenichukua miaka sita.