Vizibo Vinarudi Lini

Wivu wangu ulianza na mchele. Yule binti alikuja kutoka Tindiga Jumapili ile na mfuko wa mchele mpya wa kwao, akamkabidhi rafiki yangu kwa mikono miwili, kisha akanigeukia mimi, niliyemzidi miaka michache tu, akasema, "Shikamoo, dada." Nikaitikia marahaba huku nikijiona bibi kizee. Rafiki yangu alisalimiwa kwa "mambo," akajibu "poa," wakacheka. Mimi na rafiki yangu tulisoma darasa moja na umri wetu ni mmoja. Sasa mimi shikamoo ya nini?

Rafiki yangu alikuwa mshonaji pale Kilosa, na kibarazani kwake ndiko tulikochezea kila Jumapili baada ya ibada. Mchezo wenyewe uliletwa na mitumba. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, marobota yakawa yanafumuliwa katika kila soko. Shangazi yangu, aliyekuwa akiuza nguo za watoto kando ya barabara kuu Mikumi, alikuta katikati ya robota boksi lenye picha ya joka, na ndani yake kitabu kinene cha Kiingereza. Akanipa mimi, kwa kuwa nilikuwa nafundisha Kiingereza shule ya msingi. Nilikisoma likizo nzima mpaka nikakielewa. Kila mchezaji anakuwa mtu wa hadithi, mwenye silaha na uwezo wake. Mmoja tu hana mtu wake: msimamizi, anayesimulia safari, kucheza nafasi za maadui wote na kuamua kila ubishi.

Msimamizi nilikuwa mimi. Rafiki yangu alikuwa mwindaji wa upinde, na alimshonea mwindaji wake mwanasesere mdogo wa vipande vya kitenge, akawa anamsimamisha mezani. Kaka yake, aliyefanya kazi stesheni, alikuwa shujaa wa panga na mbishi kupindukia. Mchawi akishikwa mikono, uchawi wake unatoka? Hautoki, maana anahitaji vidole. Ukimpa adui kisogo ukimbie, anakupiga? Anakupiga, pigo moja la bure, kabla hujaondoka. Aliyelazwa kwa dawa ya usingizi akichomwa mkuki, anaamka? Anaamka, kama bado ana uhai. Rafiki yangu aliuliza kila swali akinitazama usoni, ameshika kidevu: "Mwalimu, naruhusiwa?" Aliniita Mwalimu mezani kama nilivyoitwa shuleni, na mimi niliishi wiki nzima nikingoja kuulizwa.

Halafu akamleta yule binti wa mchele, mteja wake wa nguo. Wazazi wake walihamia Tindiga na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa, naye alikuwa anauza dawa za mifugo mjini. Akachagua kuwa mganga wa kutibu majeraha. Akakaa benchi moja na rafiki yangu, bega kwa bega. Mwindaji akiumia, mganga anatibu. Mwindaji akikwama, mganga anavuta kamba. Mimi nimekaa ng'ambo ya meza, ni zimwi, ni mamba, ni mafuriko. Kazi yangu ilikuwa kumuumiza rafiki yangu ili mwingine amponye. Niliona vibaya sana, na sikuwa na wa kumwambia.

Jumapili moja zimwi langu liliwabana pangoni. Mwindaji alikuwa amebakiwa na uhai kidogo mno, pigo moja lingemmaliza, na kwenye sheria zetu aliyekufa harudi. Mganga alikuwa ameishiwa dawa. Ilikuwa zamu ya zimwi.

Hapa lazima nieleze habari ya vizibo. Kitabu kilitaka dadu la pande ishirini, na kwenye boksi halikuwamo. Tukachukua vizibo ishirini vya soda, tukaviandika namba, tukavitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Unachomoa kimoja, namba kubwa inapiga, ndogo inakosa. Kilichotoka tulikiweka mezani na hakikurudi mpaka kopo liishe, kama kura ya upatu: aliyekwisha kupata anakaa pembeni, wengine nao wapate. Hakuna aliyefikiri kwamba ingeweza kuwa vinginevyo.

Siku hiyo vizibo vyote vidogo vilikuwa vimelala mezani, kila mtu anaviona. Ndani ya kopo vilibaki vitatu, na vyote vikubwa. Hata ningechomoa kwa mguu, mwindaji alikuwa amekufa. Rafiki yangu alimchukua yule mwanasesere, akamlaza kifudifudi. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, mtu mzima, kwa ajili ya kitambaa.

"Samahani, dada," yule binti aliniambia. "Hivi vizibo vinarudi lini?"

"Vikiisha."

"Kitabuni ndivyo walivyoandika?"

Nilikifungua kitabu kwa hasira. Maneno yalikuwepo, ukurasa niliousoma mara nyingi: dadu linarushwa upya kila pigo. Dadu halina kumbukumbu ya lililopita. Kiingereza cha kitabu kile kiliwashinda wote, na ningeweza kuwasomea lolote. Nikimkatalia, amekosea yeye na anayekufa ni mwindaji. Nikimkubalia, nimekosea mimi tangu siku ya kwanza.

Nikamtazama rafiki yangu.

"Vinarudi," nikasema.

Nikavirudisha vyote, nikatikisa kopo, nikachomoa. Saba. Zimwi lilikosa.

Kaka mtu alipiga meza kwa kiganja. Rafiki yangu aliruka akamkumbatia yule binti, akamkumbatia tena, benchi likaanguka. Mkono uliochomoa saba ulikuwa wangu. Kopo langu, kitabu changu, na zimwi langu ndilo lililokosa. Nilibaki na kizibo kiganjani nikingoja angalau anitazame, wala hakunitazama.

Jumapili iliyofuata nilikuta kiti changu kimekaliwa. Yule binti alikuwa na kitabu nilichokiacha pale wiki iliyopita mbele yake, na kamusi pembeni.

"Leo na wewe ucheze," rafiki yangu aliniambia. "Kila siku wewe ni zimwi, shoga, hata huchoki? Njoo ukae hapa."

Alikuwa amenishonea mwanasesere. Kitenge kilekile cha mwindaji, wamevaa sare. Akapapasa benchi kando yake nami nikakaa, bega kwa bega, mahali nilipopatamani miezi yote ile. Nilifurahi, nisiseme uongo. Tulitafuna miwa, tukavuka mto, tukamcheka kaka yake, mpaka majambazi wakatutokea porini na mwindaji akaangushwa chini.

Rafiki yangu akashika kidevu.

"Mwalimu, nikiwa nimelala hivi, naruhusiwa kurusha mshale?"

"Unaruhusiwa," nikasema, "ila unapunguziwa shabaha."

Akaniwekea mkono gotini, kwa upole kabisa, bila kugeuza uso.

"Ngoja kwanza, shoga. Tumsikie Mwalimu."