Nyoka wa Kisimani Alivaa Suti

Mwaka 1981, nikiwa na miaka thelathini, ndipo njaa ilipoingia nyumbani kwangu. Mume nimeshamzika, wanangu wawili wadogo, na unga wauzwa duka moja tu hapa mtaani Usagara, kwa foleni. Shule niliishia darasa la tatu. Sioni haya kusema.

Siku moja foleni ikaanza kusukumana. Nikawatuliza kwa hadithi ya bibi yangu wa Kigombe: nyoka wa vichwa saba aliyelalia kisima, hatoi maji mpaka apewe mwali. Lakini ilikuwa mchana! Bibi alinikataza, anayesimulia hadithi jua likiwaka huota mkia.

"Mwali wa nini?" akadakia mama mmoja. "Tuambie nyoka wa siku hizi!"

Ulimi ukaniponza. Nikasema wa siku hizi amelalia magunia ya unga, kavaa suti ya Kaunda. Watu wakaangua kicheko, kisha wakarudi mstarini haraka. Msimamizi wa duka alikuwa mlangoni, na suti yake.

Kesho yake adhuhuri akapiga hodi kwangu. Akilifuta jina langu kwenye orodha ya duka, wanangu wanalala njaa.

"Mama, nimekuja kusikia hadithi."

"Mchana siwezi, bwana. Nitaota mkia."

"Jana kwenye foleni mkia hukuuogopa?"

Nikasimulia. Nilitamani kurudi kwa mwali wa bibi, lakini suti alikwishaisikia. Nikaiacha humo humo. Akaja kijana mmoja, akakata vichwa vyote saba, ghala likafunguka.

"Na suti?"

"Akaivaa huyo aliyemuua."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Akanitazama, akatoka bila kuaga. Siku ya mgao nikapanga foleni. Akanipimia unga wangu kamili, akaninong'oneza: "Hapa usisimulie tena."

Biashara ilipoachiwa huru, duka lile likafa. Nikauza mitumba, na hadithi nikaiandika. Vijana wanaonisoma leo foleni hawaijui, basi nyoka wao nimemlaza kwenye pampu ya maji, ana simu mbili. Vichwa sijapunguza hata kimoja. Hivyo ni vya bibi. Shule zikiniita kuisoma mchana, mkono hunipapasa kiunoni wenyewe.

Leo nina nyumba ya vyumba vinne, minazi Kigombe, cherehani mbili, vitabu vitatu vilivyochapishwa. Mkia sina.