Rubani wa Darasa la Tano

Moshi wa nyama choma wa Soko la Burma ukinifikia, nageuka tena mtoto mwongo wa miaka kumi. Nimekana kwa muda mrefu, leo nakiri: mimi ndiye niliyemfanya babu yangu kuwa rubani wa ndege za mabomu.

Babu, mzaa mama, alitulea mtaa wa Buruburu. Jumamosi alinipeleka sokoni kula mbavu, akinisimulia alivyobeba mabomu begani hadi kwenye ndege, kule Burma yenyewe, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na rubani Mzungu akapanda bila asante. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka kama rafu iliyolemewa. Mimi nikaona bega haliwezi kushindana na watoto ambao baba zao walikuwa na magari. Katika insha ya darasa la tano nikamrushisha ndege.

Mwalimu aliisifu, akataka mzazi atie sahihi. Babu akaisoma polepole, kisha akaniuliza kama shuleni bado wanachapa waongo. Nikasema sana. Akasema ataipeleka mwenyewe. Hakuipeleka.

Alipofariki, kamati ya mazishi iliikuta insha hiyo ndani ya Biblia yake, ikanakili "rubani" kwenye wasifu. Kanisa likapiga makofi. Mama aliponiuliza, nikasema niliandika nilivyosimuliwa. Yaani nikamsingizia maiti.

Mwaka huu mjomba ameagiza jiwe la kaburi la babu: RUBANI, na ndege ichongwe juu. Nikapandwa na hasira. Serikali ya mkoloni ilimnyima usukani, ikampa mzigo. Sasa sisi wenyewe tulipambe kaburi lake kwa ndege ya mkoloni huyo, na lile bega tulifiche? Nikampigia mjomba, nikamweleza yote.

"Kwa hiyo, profesa, unataka tuchonge kuli?"

"Chonga alichofanya."

"Ushahidi uko wapi? Umeniambia mwenyewe wewe ni mwongo."

Shahada zangu zote hazikunisaidia.

Jana alinipigia, sauti imemshuka. Alikuwa ameitoa insha kwenye Biblia ampe fundi anakili maneno, akageuza karatasi. Nyuma, kwa penseli, babu alikuwa amemwandikia mwalimu. Mjomba akanisomea:

"Mwalimu, mimi sikurusha ndege. Nilibeba mabomu. Naomba mtoto asichapwe."

Kumbe hakuipeleka makusudi; alikubali kuitwa asichokuwa, mpaka kaburini, ili viganja vyangu vipone.

"Uko hapo?" mjomba akauliza. "Nimemwambia fundi aifute ndege."